Tathmini ya mtambo wa kuchuja majitaka ya kung'arishia chipu

Kwa miezi minane nimesimamia mtambo mdogo wa utando wa nyuzi zenye uwazi ndani, yaani mirija myembamba ambayo kuta zake zenye matundu madogo mno huchuja maji, uliofungwa katika kiwanda kimoja mjini Hsinchu, Taiwan, ambako visahani vya silikoni hung'arishwa tabaka baada ya tabaka ili saketi za chipu zikae juu ya uso uliosawazika. Majitaka ya hapo ni meupe kama tui jepesi, na hata ukiyaacha kwenye ndoo hayatui: chembe ya silika, unga laini wa kung'arishia, ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) ingeshuka chini ya milimita 1 kwa siku hata kama molekuli za maji zisingekuwa zikiisukumasukuma, na kwa kuwa chembe zote zina chaji hasi, hufukuzana badala ya kushikana.

Muuzaji alituhakikishia kwamba matundu ya nanomita 20 yangetosha bila dawa yoyote. Hayakutosha. Maji yalitoka maangavu, lakini siku ya tatu shinikizo lilipanda, na kuusafisha utando kwa kurudisha maji nyuma hakukuondoa silika iliyojibana. Nafuu ilipatikana tulipoanza kutia polialumini kloridi, dawa ya ukoo mmoja na shabu tunayotia mtungini kwetu, kwani mabonge yanayofanyika hayazibi matundu. Tangu hapo tunaosha kwa kemikali mara moja kwa mwezi, si kila wiki. Kipimo chake ndicho kinachosumbua: dawa ikipungua chembe hazishikani, ikizidi chaji hugeuka kuwa chanya zikaanza kufukuzana upya, hivyo inabidi kurudia majaribio ya bika, yaani kujaribu viwango tofauti vya dawa kwenye vikombe vya maabara, kila rojo la kung'arishia lenye silika linapobadilishwa.

Lawama yangu kubwa ni kipima ung'avu kilichokuja na mtambo, kinachotambua uchafu kwa mwanga unaotawanywa na chembe. Chembe ndogo kiasi hiki hutawanya mwanga kidogo mno. Basi uzi mmoja ulipokatika, kifaa kiliendelea kusoma karibu na sifuri ilhali silika ilikuwa ikijirundika kwenye utando wa osmosisi kinyume, unaozuia hata chumvi, ambao hupokea maji yakitoka kwetu na ni ghali kuliko mtambo wenyewe. Ufa tuliugundua kwa jaribio la hewa, yaani kusukuma hewa kwenye utando na kuangalia kama inavuja, ambalo mwongozo wa mtengenezaji haukulitaja hata kidogo.

Ningeununua tena, mradi jaribio hilo lijiendeshe lenyewe kila siku na gharama ya kuondoa tope la mabonge ya silika iandikwe kwenye mkataba.