IIT au BITS Pilani: uhandisi India kwa bei gani?

Kwa jina na daraja, IIT, vyuo vya teknolojia vya serikali ya India, ziko mbele. IIT Madras imeongoza orodha ya jumla ya NIRF, upimaji wa vyuo wa serikali ya India, tangu 2019. BITS Pilani, chuo binafsi cha Rajasthan, ni miongoni mwa vyuo binafsi bora nchini humo, lakini haijafikia kilele hicho.

Kwenye pesa ndipo pengo linapouma. Ada ya masomo ya shahada ya kwanza IIT ni takriban rupia 200,000 kwa mwaka, na familia ya Kihindi yenye kipato kisichofika rupia 100,000 husamehewa ada hiyo yote. BITS inatoza zaidi ya 500,000. Ina ufadhili, ndiyo, ila mtoto wa mkulima hawezi kuutegemea kama haki yake. Isitoshe, IIT hutenga nafasi kwa makundi yaliyobaguliwa kwa karne nyingi; BITS haina utaratibu huo. Kwangu hilo ni zito kuliko orodha yoyote.

BITS nayo ina uzuri wake: haikulazimishi kuhudhuria kila kipindi, na mafunzo kazini yamo ndani ya shahada yenyewe. Mlango wa IIT ni mwembamba mno. Zaidi ya vijana milioni moja hufanya mtihani wa awali, JEE Main, wakigombea nafasi zisizofika 20,000.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, IIT Madras ina kampasi Zanzibar tangu 2023. BITS nayo ina kampasi Dubai.