Uzoefu wangu: kompyuta niliyoiunganisha nyumbani, skrini ya buluu, na fundi wa Mwembe Tayari

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, hasa upande wa wanawake. Watu wa Mombasa wanajua uzito wake: siku ya kupamba bibi harusi na wageni wake wako bila buibui, simu hukusanywa mlangoni, na mimi naachiwa niingie na kamera kwa sababu nimeaminiwa. Picha zile zikishaingia kwenye mashine yangu ni amana. Naanza na hilo kwa sababu fundi huyu alilielewa kabla sijalitamka.

Kompyuta yenyewe niliiunganisha kipande kwa kipande mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, sebuleni kwetu Kisauni, pamoja na mdogo wangu. Harusi nyingi huangukia mfungo mosi, kwa hivyo nilitaka iwe tayari. Prosesa ni Ryzen 5 5600, ubao mama ni wa B450, RAM mbili za gigabaiti 8 kila moja, diski ya SSD, na kadi ya picha ya mtumba, RX 580 ya gigabaiti 8.

Tulipowasha, feni zote zilizunguka lakini skrini haikuonyesha kitu. Pembeni mwa ubao kuna taa ndogo nne, za CPU, DRAM, VGA na BOOT, na iliyokataa kuzimika ni ya CPU, yaani prosesa. Mdogo wangu alikwishaanza kuhuzunika kwamba tumepinda miguu ya prosesa. Hatukuipinda. Bao za B450 zilitoka mwaka 2018 na prosesa yangu ikatoka 2022. BIOS ya zamani, ile programu ya ndani ya ubao inayoamsha mashine, haiitambui. Kwa bahati nzuri, ubao wetu una kitufe cha kusasisha BIOS hata prosesa ikiwa haijatambuliwa. Tulipakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, tukaibadilisha jina kama kitabu kilivyoagiza, tukaitia kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, tukabonyeza na kusubiri huku tukiomba stima isipotee. Picha ikaja.

Windows ilipokaa, hakuna mtandao. Draiva ya mtandao, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, haikuwepo, na bila mtandao utaipakuaje? Tulichomeka simu kwa waya wa USB tukagawa intaneti yake. Hiyo Windows huitambua bila kuongezwa kitu. Vifaa vilivyobaki na alama ya njano kwenye orodha ya vifaa ya Windows, nilifungua sifa zake nikasoma namba ya utambulisho: VEN_10EC ni Realtek, VEN_1022 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Hapo unajua uende tovuti ya nani, na huna haja ya zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote.

Shida iliyonitoa machozi ni ya tatu. Kila nikitoa video kamili, skrini inakuwa nyeusi, kisha buluu: VIDEO_TDR_FAILURE, yaani draiva ya picha imeshindwa kujibu. Mteja anasubiri, mama wa bibi harusi anapiga simu. Duka la kwanza nililokwenda, mtu aliitazama mashine dakika mbili akasema kadi imekufa, ninunue mpya, na nimwachie kila kitu. Nikamuuliza kama naweza kutoa diski. Akasema bila diski hawezi kufanya lolote. Nikabeba mashine yangu nikatoka.

Shoga yangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mwenye chumba kidogo orofani, karibu na Mwembe Tayari. Nilipanda tuktuk na kasha nimelifunga kwa leso, kadi ya picha nimeichomoa kwa sababu ni nzito na barabara ina mashimo. Hata kiti sijakalia, akauliza: "Dada, humu mna kazi za watu?" Nikasema zimo. "Basi toa diski urudi nayo nyumbani. Mimi nina yangu."

Yake ilikuwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nilimwomba anieleze, akanieleza kwa utulivu. Linux tayari ina draiva ya kadi kama yangu ndani yake, tofauti kabisa na ile ya Windows. Kadi ikifanya kazi nzito humo bila kuanguka, si kadi mbovu; ikianguka humo pia, hapo ndipo mtu aanze kufikiria kununua. Usiku mzima aliipima RAM kwa Memtest86+, na kesho yake akaitesa kadi kwa saa tatu. Haikutetereka. Njiani aligundua RAM zangu tulizipachika kwenye matundu mawili yaliyofuatana, badala ya la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, kwa hivyo hazikuwa zikifanya kazi kwa jozi. Akazihamisha.

Siku ya tatu nilirudi na diski. Aliigeuza skrini upande wangu, akanipa kibodi, akakaa ng'ambo ya meza akiniambia nibonyeze wapi. Sijawahi kuona heshima ya namna hiyo kwa fundi wa kompyuta. Aliniuliza kama stima iliwahi kupotea nikiweka draiva ya picha. Iliwahi, na niliporudi kuwasha niliweka toleo jingine juu yake. Kumbe Windows huipa kadi sekunde mbili tu ijibu. Isipojibu, hujaribu kuiwasha upya draiva, na draiva iliyochanganyika haikuweza kusimama. Tulichomoa mtandao, tukaingia hali salama, ambapo Windows huwaka na draiva za msingi tu, tukafuta mabaki yote kwa programu ya DDU, kisha tukaweka draiva moja niliyoipakua kutoka tovuti ya AMD. Mtandao tukaurudisha mwisho, ili Windows isituwahi na draiva yake.

Alinitoza shilingi 1,500. Ambalo halikunipendeza ni kwamba haandiki popote alichofanya. Nililazimika kunakili mwenyewe. Simu pia hapokei akiwa kazini, na chumba kina joto kali. Alinisihi ninunue UPS, betri ya kuishikilia mashine stima ikipotea, nikanunua wiki ile ile.

Tangu hapo nimetoa harusi saba, na ile buluu sijaiona tena. Ukienda, chukua kitabu cha ubao mama na uchomoe diski kabla hujatoka nyumbani. Ijumaa hufunga kwa ajili ya swala, na hafungui tena mpaka saa tisa.