Maboneti sita ya Altezza kwenye kreti moja: uzoefu wangu wa kuagiza kaboni faiba kwa pamoja

Kwa miaka mitatu nilitamani boneti la kaboni faiba (nyuzi nyepesi za kaboni zilizogandishwa kwa resini, aina ya gundi ngumu) kwa Toyota Altezza yangu, na kila nilipoulizia bei nilikwama palepale: usafiri. Boneti lenyewe ni jepesi, lakini kwa ndege hawakutozi uzito wake. Wanapima boksi kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, kisha wanagawanya kwa 6000. Boksi la 150 kwa 125 kwa 20 linahesabiwa kilo 62.5, hata kama ndani hamna kilo kumi. Meli nayo inatoza kwa ujazo. Ila maboneti yanapangika, moja juu ya jingine kama sahani, na sita kwenye kreti moja hayali nafasi ya maboksi sita. Hapo ndipo nikaanza kutafuta wenzangu.

Kiwanda nilichowasiliana nacho China kiliniambia moja ni dola 420, kuanzia sita ni dola 310 kila moja. Kwa Altezza kazi ni rahisi kidogo, maana gari lilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na nje ya Japani bodi hiyohiyo iliuzwa kama Lexus IS200 na IS300. Wenye Subaru Impreza za 2000 hadi 2007 wana kazi zaidi: uso wa gari lile ulibadilishwa mara mbili, na boneti linafuata uso. Kabla hujapokea hela ya mtu, mwambie akutumie picha ya gari lake kwa mbele.

Watu tisa walisema "nipo, mkuu". Nilipotaja hela wakabaki watano, na mimi wa sita.

Kiwanda kilitaka asilimia 30 kuanza kazi na 70 kabla ya kupakia. Wenzangu walitaka nasi tuchange hivyohivyo, kwa awamu. Nilikataa, na ninashukuru nilikataa. Mmoja akishindwa ile 70, mzigo wa watano unakaa kiwandani au mratibu anachomoa mfukoni kwake. Kwa hiyo kila mtu alilipa bei yote kwanza, pamoja na asilimia 10 ya dharura, na anayejitoa atafute mwenyewe wa kushika nafasi yake. Hela iliwekwa kwenye akaunti ya sahihi mbili, yangu na ya dada mmoja wa Morogoro ambaye ni mhasibu na ana Altezza ya rangi ya fedha. Kila muamala niliutuma kwenye kundi letu la WhatsApp siku ileile. Hakuna aliyewahi kuniuliza hela yake iko wapi.

Tuliahidiwa siku 25, zikawa 47. Bandarini wengi wetu tulikuwa tumekosea hesabu: VAT ya asilimia 18 haikokotolewi kwenye bei ya boneti peke yake, inakokotolewa baada ya kujumlisha usafiri, bima na ushuru. Ile akiba ya dharura ndiyo iliyotuokoa. Mpaka boneti linafika uani kwangu Tabata nilikuwa nimetumia shilingi 1,240,000. Kuagiza peke yangu nilikuwa nimekadiria karibu milioni mbili na nusu.

Tulifungua kreti Jumamosi asubuhi. Harufu ya resini ilitupiga usoni kabla hatujaona kitu. Ufumo wake ulikuwa mzuri kweli, mistari ikipanda kimshazari kama ukili wa mkeka, na ukiligeuza boneti juani mistari inabadilishana giza na mwanga. Fremu ya chini ni faiba ya kawaida, ile ya nyuzi za kioo, iliyopakwa rangi nyeusi. Hilo lilikuwa kwenye maelezo, na bei ile isingewezekana vinginevyo, lakini wawili hawakuwa wamesoma na walisikitika.

Boneti la sita lilikuwa na kasoro. Karibu na pua, sehemu ya ukubwa wa kiganja, chini ya vanishi kulikuwa na vitundu kama vya mkate wa kumimina. Kiwanda kilikubali kupunguza dola 40 kwenye oda ijayo, basi. Hatukuwa tumepatana nani atachukua bovu likitokea. Nililichukua mimi, kwa sababu picha za ukaguzi niliziidhinisha mimi, na sikuomba zilizopigwa kwa karibu. Wenzangu walinilipia kazi ya kujaza na kupuliza vanishi upya.

Kulifunga kulichukua mchana mzima. Upande wa kushoto nafasi kati ya boneti na fenda ilikuwa milimita tatu, kulia sita, na fundi wangu wa bodi alilisogeza kwenye bawaba mpaka pande zikakaribiana. Kisha tukatoboa na kufunga pini mbili za mbele, za kulishikilia boneti hata loki ikiachia. Watatu hawakutaka kutoboa kitu kipya, na niliwasihi sana. Loki imeshikwa na faiba tu. Ikichomoka ukiwa kasi barabara ya Chalinze, upepo utalikunja boneti juu ya kioo huoni mbele. Wawili walikubali. Mmoja bado, na kila akisafiri roho yangu haitulii.

Sasa ni miezi 14. Langu linalala chini ya turubai na bado linang'aa. La mwenzetu wa Dodoma linashinda juani, na limeanza kuwa la manjano kwenye kingo, resini inaungua. Ningeanza upya, ningelipia vanishi nzito ya kuzuia jua tangu kiwandani.

Tumeshafungua mchango wa mabuti, yaani mifuniko ya nyuma ya gari. Safari hii bovu likitokea linapigiwa kura, na mzigo haupakiwi mpaka kila buti lipigwe picha nane, mbili zikiwa za sehemu ya loki.