Steshenari ya Mtwara mjini: nilipeleka daftari la korosho kuchapa, nikarudi na kingine kabisa

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja ntaeleza chini kwa nini nimeikata.

Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa korosho upande wa Nanyamba, tuko 40. Kila msimu kikaoni kelele, wengine wanasema mwaka huu korosho imelipa wengine wanasema hawajaona kitu, viongozi wanasimama na wastani wao wa kilo 710 kwa kila mkulima, watu wananyamaza. Hiyo 710 ilikuwa inanikera sana maana nikihesabu jina moja moja wanaofika huko ni wachache mno. Ndo nikabeba daftari nikapanda hiace mpaka mjini.

Nilitegemea atachapa tu. Kijana wa pale akaingiza majina yote kwenye laptopu, akayapanga kuanzia mwenye kilo chache mpaka mwenye nyingi, akaniambia mama weka kidole katikati, mtu wa 20 na wa 21. Kilo 310. Nusu nzima ya kikundi wanaishia hapo, na kikaoni tunasomewa 710!

Halafu akachukua wanne wa juu kabisa, hao ndo asilimia 10 yetu, akajumlisha kilo zao, akachukua 16 wa chini, asilimia 40, akajumlisha za kwao, akagawanya. 14,200 kwa 3,550. Nne. Watu wanne wana mara nne ya watu 16. Anasema huo ni uwiano wa Palma, jina la mchumi wa Chile, José Gabriel Palma, na mimi naona kwa kikao cha kijijini unafaa kuliko Gini. Gini, kipimo kingine cha pengo kati ya watu, ya Mtaliano Corrado Gini tangu 1912, inaanzia sifuri ambapo wote wako sawa mpaka 100 ambapo mmoja kachukua vyote, na Benki ya Dunia wanaipa Tanzania 40.5 kwa takwimu za 2018. Nikimsomea mama yangu 40.5 haimwambii kitu, ila wanne kuwa na mara nne ya 16 kaelewa hapohapo.

Lakini kilichonifanya nimwamini ni maswali yake. Hizi ni kilo tu mama, hela ya dawa ya salfa na palizi mmeshapunguza? Hatujapunguza. Kuna anayeuza kwa majina mawili matatu? Yupo, mkubwa wetu mmoja kaandikisha na wanae. Na ambao hawamo humu? Hapo nilikaa kimya, maana wasiomo nawajua, ni wale wa kangomba, walichukua hela ya chakula kabla ya msimu, korosho zao zikaja kupimwa kwa jina la aliyewapa hela. Yaani kilo zingine za juu zimetoka kwenye mashamba ya watu wa chini na wenyewe daftarini hawapo kabisa! Akanambia hata tafiti za kaya za nchi nzima zina shida ya namna hiyo, matajiri wakubwa ni wachache, ni rahisi kuwakosa na wengine hawasemi yote, tena hiyo 40.5 imepimwa kwa matumizi siyo kipato, na mwenye hela nyingi hatumii zote, nyingine anaweka, ndo maana wanaotaka kumjua wa juu vizuri wanachanganya na rekodi za kodi.

Sasa nyota niliyokata. Tulikubaliana elfu 10, mwisho nikaambiwa elfu 15, hakuna aliyenieleza hiyo tano ni ya nini. Na karatasi zilitoka wino hafifu, ukurasa wa pili hausomeki, nikaomba warudie wakarudia kwa kununa. Mkienda malizaneni bei kabla hajawasha mashine, na mkague kila karatasi palepale.

Ntarudi kwake. Nimeshapiga mstari daftarini, pembeni ya jina la muuzaji naandika shamba ni la nani, na kurasa za nyuma nimeanza kuandika watu wa kangomba, mpaka jana wamefika 11.