Mkopo wa HESLB kwa shahada ya ualimu: nyota tatu na nusu

Nimesoma ualimu wa sekondari, Kiswahili na Historia, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania (HESLB). Boom, yaani pesa ya kujikimu, lilinilisha na kunilaza miaka yote mitatu. Bila hilo ningekuwa bado nalima mbaazi Masasi, siwadanganyi.

Sasa tazama hati ya mshahara. Bodi 15% ya mshahara wa msingi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5%, bima ya afya 3%, chama cha walimu 2%. Yaani robo imeshaondoka, na kodi bado haijapita! Waliotutangulia walikatwa 8%, mpaka sheria ilipobadilishwa 2016. Nafuu yetu ni ile tozo ya 6% ya kutunza thamani iliyofutwa 2021: deni halizai tena, kila makato yanalipunguza kweli.

Kilichoniuma zaidi ni kule kusubiri ajira ya serikali. Nilijishikiza shule moja binafsi kwa posho ya nauli, chaki najinunulia, huku wenzangu wa Fizikia na Hisabati wakipangiwa vituo mapema. Mdogo wangu kaniuliza juzi kama naye akope. Nimemwambia akope tu, ila tahasusi ya sanaa asiiguse.