Kapilari na dawa za kutengeneza kolamu ya monolithi, duka moja Kisumu mjini

Nyota tatu kwa tano, na zote tatu nimezipa kapilari.

Wenzangu wa kromatografia, kazi ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, huku Kisumu, Maseno mpaka Kakamega mnajua shida yenyewe, kolamu ya kapilari (mrija mwembamba sana ambamo vitu vinatengana) iliyo tayari ukiiagiza ng'ambo inamaliza pesa ya maabara na bado inakaa forodha, sasa wengi tunajitengenezea. Na monolithi ndio rahisi kwetu, maana ile ya chembechembe inataka presha kubwa ya kushindilia na vichujio vya kuzuia chembe pande zote mbili. Hii unajaza tu mchanganyiko wa majimaji, unaziba, unapasha moto, inaganda humo humo ndani kuwa kipande kimoja chenye vitundu. Wanakemia Svec na Fréchet walitoa wazo hili la polima ya namna hiyo 1992 na mpaka leo ndio tunalifuata.

Kapilari yao ni safi kabisa. Ya silika, tundu la mikromita 100, nje 375, koti la plastiki ya polyimide la kahawia halina mkwaruzo, nimeikunja na haikuvunjika. Nimeiosha na NaOH, HCl, maji, asetoni, halafu nikaingiza ile silane ya methacrylate inayofanya polima ishike ukutani, na ukitazama ncha kwa hadubini hakuna mwanya kati ya ukuta na polima. Tatizo ni kijana wa kaunta, nimemuuliza kama wana jiwe la kukatia akanitolea wembe. Wembe jamani! Silika inapasuka ovyo ncha inakuwa na meno.

Sasa AIBN. Hii ndio inayoanzisha polima kuganda, inafaa ikae friji, wao wameiweka rafu ya dirishani na mnajua jua la Kisumu saa nane mchana, chupa haina hata tarehe. Nilichanganya kama kawaida, monoma (majimaji yanayoungana kuwa polima) za butyl methacrylate na EDMA asilimia 40 ya uzito, zilizobaki 60 ni propanol na butanediol za kutengeneza vitundu, AIBN asilimia moja ya uzito wa monoma, nikapitisha naitrojeni kutoa oksijeni maana oksijeni inazuia kuganda, nikaziba ncha kwa vipande vya mpira, nyuzi 60 saa 20. Stima haikukatika, muujiza huo. Kufungua, kapilari haijawa nyeupe, iko vile vile ya kuona ndani, na pampu ya methanol ilipoanza kusukuma vitu vyote vikatoka kama uji. Mwenzangu akanipa AIBN ya friji yake, nikatumia monoma zile zile, kapilari ile ile, asubuhi ikawa nyeupe pe kutoka ncha hadi ncha. Kwa hivyo msiniambie ni monoma.

Na monoma zao ziko sawa, ila zina dawa ya kuzizuia zisigande chupani, lazima upitishe kwenye alumina ya bezi kwanza, unga unaoinasa dawa hiyo. Alumina wanayo, na mama mwenye duka alinikumbusha mwenyewe kabla sijalipa, huyo anajua kazi yake, angekaa yeye kaunta.

Kolamu iliyofaulu nikaiosha, nikachoma koti kidogo kwa kiberiti nipate dirisha la kupitisha mwanga wa UV wa kuonyesha kinachopita, nikaijaribu kwa kupitisha thiourea na toluene, ethylbenzene, propylbenzene, butylbenzene kwa acetonitrile na maji. Zikatoka kwa mpangilio wake, vilele vya grafu vimesimama, propyl na butyl hazigusani. Presha ikipanda sana kwenu punguzeni propanol muongeze butanediol, vitundu vinakuwa vikubwa.

Kapilari nitarudia kununua hapo, wanakukatia hata mita moja, si lazima roli nzima. AIBN naagiza kwingine mpaka waitoe dirishani, nimemwambia mama akasema friji imejaa soda.