Schabziger, jibini ya kijani ya Glarus: ikwaruze, usiikate

Kama umezoea jibini laini ya kuvutika kwenye pizza, hii itakushangaza. Schabziger inatoka Glarus, jimbo dogo la milimani mashariki mwa Uswisi. Inauzwa kipande cha gramu 100 chenye umbo la koni, chini kipana na juu chembamba, rangi ya kijani kilichopauka, na ni kavu kama chaki ya ubaoni.

Mimi ilinikamata kwa harufu. Kufungua karatasi tu, nikadhani kuna mtu kamwaga uwatu jikoni. Kumbe majani yanayotiwa humo ni ya mmea wa ukoo mmoja na uwatu wetu, ila huu maua yake ni ya buluu. Hukaushwa, husagwa, kisha unga wake huchanganywa na jibini iliyokwisha kuchachushwa, kutiwa chumvi na kuachwa miezi ikomae. Wenyeji husimulia kuwa watawa wa kike wa Säckingen, mji wa Ujerumani mpakani na Uswisi, waliokuwa na ardhi huko Glarus, ndio walioanza kuitia majani. Hayo ni masimulizi. Kilicho kwenye kumbukumbu ni kwamba tarehe 24 Aprili 1463 mkutano wa wananchi wa Glarus uliamua kila mtengenezaji aigonge muhuri wa asili yake. Mwaka 1463, jamani! Na sisi bado tunabishana asali ipi ni ya Tabora kweli.

Sasa ladha. Ni kali, ina chumvi nyingi, na uchungu unakuja nyuma taratibu. Hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyoenguliwa, kwa hiyo mafuta karibu hakuna, na hata uiweke kwenye moto haiyeyuki. Ukiimega na kuitafuna hivi hivi, utaichukia siku hiyo hiyo. Ikwaruze kwenye matundu madogo, ichanganye na siagi, kisha paka kwenye mkate au weka juu ya kiazi cha kuchemsha kikiwa bado kinafuka moshi. Siagi ndiyo inayoituliza. Waswisi huinyunyiza pia kwenye makaroni. Mimi huongeza kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia, na kijiko kimoja cha chai kinatosha sahani nzima.

Watoto wangu hawaitaki hata kuiona. Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya friji. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, la sivyo maziwa ya chai yatanuka uwatu wiki nzima.